Kiti cha Dirisha la Tatu

Kwa miaka kumi na minne mama yangu mdogo hakumuuliza mwanafunzi yeyote swali ambalo halikuandikwa kwenye fomu. Alikuwa karani wa usajili chuo kikuu, dirisha la tatu, na dirisha hilo lilikuwa na kazi moja tu: vyeti. Mwanafunzi akipokelewa chuoni aliacha hapo vyeti vyake halisi vya sekondari. Vilifungiwa kwenye kabati la chuma nyuma ya meza ya mama mdogo, na havikutoka humo mpaka mwenyewe amalize masomo au ayaache.

Kwa hiyo waliofika dirishani kwake walikuwa wa aina mbili. Waliomaliza walikuja kwa makundi, wakisukumana na kutaniana, na kelele zao zilisikika tangu ngazi za chini. Walioacha walikuja mmoja mmoja, saa saba mchana, wenzao wakiwa wamekwenda kula na foleni imekatika. Walichukua fomu, wakaijaza wakiwa wamesimama, karatasi wameiegemeza ukutani. Kwenye kisanduku cha "Sababu ya kuacha masomo" waliandika "sababu binafsi". Mama mdogo alikagua sahihi, akagonga muhuri, akafungua kabati, akatoa bahasha. Dakika mbili, zikizidi sana tatu.

Wanafunzi walimwita Bi Muhuri, naye hakuona ubaya. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha nne, lakini kazi yake aliijua na aliipenda. Katika miaka yote hiyo hakupoteza cheti hata kimoja, na jambo hilo ungelisikia kabla hujamaliza chai yako ukiketi naye meza moja.

Mimi ndiye niliyemharibia amani hiyo.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kingine, mji mwingine, nikisoma kemia. Nilifeli mtihani mmoja. Mhadhiri alinionyesha alama yangu kabla matokeo hayajabandikwa: ishirini na tisa kwa mia. Nilitoka ofisini kwake nikiwa na hakika kwamba katika darasa la watu tisini, mjinga ni mimi peke yangu. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu nilikwenda ofisi ya usajili, nikajaza fomu, nikapewa vyeti vyangu, nikapanda basi. Nyumbani nilisema masomo yamenishinda. Mama alishika tama siku mbili, baba akasema kazi ni kazi, na mjomba akanichukua kwenye karakana yake ya kutengeneza majokofu.

Miezi minne baadaye nilikutana dukani na msichana tuliyekuwa tukisoma naye.

"Wewe ulipotelea wapi?" akaniuliza. "Matokeo yalipobandikwa tulikutafuta mpaka bwenini. Tulianguka hamsini na mmoja. Somo zima lilirudiwa upya."

Jumapili hiyo mama mdogo alikuja kutusalimia. Alikuwa amekaa sebuleni akimsaidia mama kukunja nguo, nami nikawasimulia habari hiyo huku nacheka, kicheko kile cha mtu asiyetaka kuonekana ameumia.

"Wakati unaondoka ulimwambia nani?" mama mdogo akauliza.

"Sikumwambia mtu."

"Hata mwenzio wa chumbani?"

"Hata yeye. Alirudi akakuta godoro limekunjwa."

"Na pale ofisini, karani hakukuuliza kitu?"

"Aliniuliza kama nina kalamu."

Mama akacheka. Mama mdogo hakucheka.

"Alikuwa karani wa namna gani?"

"Wa kawaida tu, mama mdogo. Msafi, mpole, ana haraka. Kama wewe."

Sikusema kwa ubaya, nilitaka tu aone picha. Lakini alikunja shati la baba, akalikunjua, akalikunja tena, na chai yake ikapoa mezani bila kuguswa. Alipoaga, alinishika bega mlangoni akasema, "Hamsini na mmoja, mwanangu." Halafu akaenda.

Kesho yake asubuhi alichukua kiti kutoka chumba cha mikutano, kile chenye mgongo uliopasuka ambacho hakuna mkubwa aliyekitaka, akakiweka nje ya dirisha lake. Karani wa dirisha la pili, bwana mmoja wa mitihani aliyependa utani kuliko kazi, akachungulia.

"Bi Muhuri, umefungua saluni?"

"Nimefungua. Wewe huna nywele, usijisumbue."

Siku hiyo mwanafunzi wa kwanza aliyekuja kuchukua fomu aliambiwa aketi. Alikitazama kiti kama mtu aliyeonyeshwa kiti cha daktari wa meno. Mama mdogo akamuuliza kwa nini anaondoka. Akajibu, sababu binafsi. Akamuuliza sababu gani. Akajibu, za kifamilia. Kijana aliondoka na bahasha yake, na mama mdogo akaja kwetu jioni amenuna.

"Nimemhoji kama polisi," alisema. "Na yeye kanijibu kama mtuhumiwa."

Alibadilisha swali mara nyingi. Aliuliza kuhusu walimu, kuhusu chakula, kuhusu usingizi. Mwishowe alipata swali moja ambalo mtu hakuweza kulijibu kwa maneno ya kwenye fomu. Aliuliza, "Nani darasani kwako anajua kwamba uko hapa?"

Hapo ndipo wengi walisema hakuna. Msichana wa uuguzi alisema hakuna, halafu akaangalia viatu vyake. Kijana wa uhandisi alisema hakuna, kisha akaongeza, kama anayejitetea, kwamba darasa lao lina watu mia tatu na mhadhiri hawezi kumtambua hata wakigongana mlangoni. Mama mdogo alikuwa ameamini miaka yote kwamba wanaoacha ni wale wasioweza. Sasa alifungua faili zao na kuona alama zao. Wengine walikuwa wa katikati, wengine wazuri. Hawakuwa wajinga kuliko waliobaki. Waliobaki walikuwa na mtu wa kuwauliza, kesho tunakutana wapi. Hawa hakuna aliyekuwa akiwauliza.

Ndipo akafanya jambo ambalo lilikuja kumtia matatani. Alichukua rula na kalamu, na chini ya kila fomu, mahali palipokuwa peupe, akachora mstari wa nukta. Chini yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Sahihi ya shahidi".

Mwanafunzi akirudisha fomu bila sahihi hiyo, alirudishwa. "Niletee mtu mmoja anayekufahamu hapa chuoni," mama mdogo alimwambia. "Aje mwenyewe, atie sahihi mbele yangu." Hakuna aliyebisha. Chuoni ukichora mstari wa nukta na kuandika "sahihi" chini yake, hata profesa atatoa kalamu.

Sitaki kutia chumvi. Wapo ambao shahidi hakuwabadilishia kitu, na hawakupaswa kubadilishiwa. Kijana mmoja wa sheria alikuja na mwenzake wa chumbani, wote wanacheka. Alikuwa amegundua kwamba moyo wake uko kwenye kuchomelea vyuma, na mwenzake alikuwa akijua hilo mwaka mzima. Mama mdogo aligonga muhuri akampa na mkono wa heri. Mwingine alikuwa na mama mgonjwa mahututi na wadogo watatu. Alikuja na rafiki zake wanne, wote wanne wakatia sahihi kwenye mstari mmoja, mpaka sahihi zikapandana, wakamsindikiza hadi kituo cha basi. Huyo aliondoka, lakini aliondoka akiwa na watu, na mwaka uliofuata alirudi kwa sababu walikuwa wakimwandikia.

Lakini wengi kati ya wengine walichukua fomu wakaenda kutafuta shahidi, na hawakurudi dirishani. Mama mdogo alikutana nao baadaye uwanjani, wakajifanya hawamwoni. Naye akajifanya hawaoni.

Kati ya wote, niliyesikia habari zake zaidi ni binti wa upimaji ardhi.

Alikuwa mwaka wa pili, binti wa seremala, mtu wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Sekondari alikuwa akiongoza darasa. Alikuja dirishani siku ya Jumanne, akaketi kabla ya kuambiwa, maana miguu ilikuwa imemchoka. Mama mdogo akamuuliza swali lake.

"Hakuna," binti akasema.

"Basi nenda katafute mtu mmoja, aje akutilie sahihi."

"Mama, sina. Hapa sina mtu."

"Hata yule unayekaa naye benchi?"

"Nakaa mwisho wa benchi."

Mama mdogo aliniambia jibu hilo lilimkata maini. Lakini alishaamua sheria yake, akaishika. "Yeyote," alisema. "Si lazima awe wa darasani. Mtu mmoja tu ambaye kesho usipoonekana, atashtuka."

Binti akaondoka na fomu. Jumatano hakuonekana, Alhamisi hakuonekana. Ijumaa saa sita mchana akaja, na nyuma yake alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya buluu ya wafagiaji, ndoo mkononi. Wote chuoni walimjua kwa jina la Mama Mapema, kwa sababu ndiye aliyefungua milango ya maktaba kila siku saa kumi na mbili asubuhi ili afagie kabla watu hawajaingia. Yeye na mama mdogo walikuwa watu wa salamu tu.

"Bi Muhuri," Mama Mapema akasema, "nimeambiwa unatafuta shahidi. Mimi si mwanafunzi. Je, nakubalika?"

"Unamfahamu huyu?"

"Jina lake nimelijua leo. Lakini kila nikifungua mlango nakuta amesimama nje na begi lake, mwaka mzima sasa. Ananisaidia kuinua viti nipite na ufagio. Jumatano na jana hakuja. Nilipiga deki sakafu yote nikiangalia mlango. Kwa hiyo nadhani mimi ndiye huyo mtu wako."

Mama mdogo akasogeza fomu na kalamu. Mama Mapema akaiweka ndoo chini, akaisoma fomu yote polepole, kidole kikifuata maneno, mpaka akafika kwenye "sababu binafsi". Akamgeukia binti.

"Sababu gani hiyo?"

Yale ambayo mama mdogo hakuyapata kwa kuhoji, mfagiaji aliyapata kwa maneno matatu. Binti akaeleza hapohapo, amesimama kati yao. Kozi yao ilikuwa na mazoezi ya nje. Walipangwa watu sita sita, na kila kundi lilipewa kifaa kimoja cha kupimia, kile kinachofanana na darubini juu ya miguu mitatu. Katika kundi lake wengine watano walitoka shule moja na walijuana tangu utotoni. Wao walishika kifaa. Yeye alipewa fimbo ile ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe, akaambiwa akasimame nayo mbali, kule mwisho wa uwanja. Mwaka mzima alisimama na fimbo. Mtihani wa vitendo ulipofika, aliwekwa mbele ya kifaa ambacho hakuwahi kukigusa. Alipata sifuri.

"Kwa hiyo nimeona kazi hii si ya watu kama mimi," akamalizia.

"Mimi sijui kazi yenyewe," Mama Mapema akasema. "Lakini hicho chombo kinalala wapi?"

"Stoo ya idara."

"Ile iliyo nyuma ya karakana ya umeme? Ile naifagia mimi. Mtunza stoo ni jirani yangu." Akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni mwa sare yake. "Nitatia sahihi, Bi Muhuri. Lakini si leo. Njoo uniulize Ijumaa ijayo."

Na akachukua ndoo yake, akaondoka na binti wa watu.

Jumatatu iliyofuata, na kila siku baada ya hapo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili kasoro, nyuma ya maktaba palikuwa na wapimaji wawili. Mtunza stoo alikuwa amekubali kutoa kifaa cha zamani, kizito kama jiwe la kusagia, kwa sharti kwamba kirudi kabla ya vipindi. Binti alikisimamisha juu ya nyasi, akageuza skrubu zake tatu mpaka kile kiputo kidogo cha hewa kikatulia katikati ya kioo, akainama na kutazama. Na kule mwisho wa nyasi, wima kama askari wa gwaride, alisimama Mama Mapema na fimbo.

"Mkono wa kulia, mama. Kidogo. Umezidisha."

"Amua, mwanangu, mimi si mti."

Mama mdogo alikuwa akiwaona kutoka dirisha la ngazi anapopanda kwenda ofisini. Wiki ya kwanza binti alichukua robo saa kukiweka kifaa sawa. Wiki ya tano alichukua dakika mbili. Wahadhiri waliopita walifikiri ni idara imeleta utaratibu mpya, na kwa sababu jambo lilionekana la kiofisi, hakuna aliyeuliza.

Ijumaa zilikuja na kupita. Mama mdogo alipokutana na Mama Mapema kwenye korido alimuuliza, "Shahidi, vipi ile sahihi?" Naye akajibu, "Nimesahau miwani." Ijumaa nyingine: "Mkono unaniuma." Nyingine: "Leo nina deki." Ikawa salamu yao.

Muhula uliofuata kundi lilitoka tena uwanjani. Wale watano wakasimamisha kifaa kwenye mteremko, wakashindana nacho nusu saa, kila mmoja akimlaumu mwenzake, na mhadhiri akaja akiangalia saa.

"Nani anaweza kukiweka sawa?" akauliza.

Binti aliilaza fimbo yake chini. Alitembea mpaka kwenye kifaa, akalegeza mguu wa upande wa juu, akaufupisha, akageuza skrubu. Kisha akasogea pembeni ili mhadhiri atazame. Mhadhiri alitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Endelea wewe." Siku hiyo fimbo ilishikwa na mwingine. Mtihani wa marudio alipata themanini na nne, na wale watano, kwa kuwa hawakuwa watu wabaya bali watu waliozoeana, walianza kumwekea nafasi katikati ya benchi.

Habari za mstari wa mama mdogo zilivuja mwishoni mwa mwaka, wakaguzi wa nyaraka walipopitia mafaili na kukuta fomu za chuo zina mstari usiojulikana ulikotoka. Aliitwa mbele ya kamati. Alivaa gauni lake la kanisani, akatembea na faili kifuani. Mkuu wa kamati alikuwa msajili, mtu mwembamba wa tai, si mkali, ila mtu wa utaratibu.

"Nani alikuidhinisha kuongeza mstari huu?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Unajua kwamba hii ni fomu rasmi ya chuo?"

"Najua. Nimeitunza miaka kumi na mitano."

"Sasa kwa nini umeichorea?"

"Kwa sababu wanaandika 'sababu binafsi', mimi nagonga muhuri, na sababu siijui mimi wala hamuijui ninyi. Niliona angalau mtu mmoja aijue kabla hawajaondoka."

Akafungua faili, ambamo alikuwa ameandika habari ya kila fomu, hata ile ya binti na mfagiaji. Kila fomu ina namba, kwa hiyo hakuhitaji kueleza sana. Mwaka kabla ya kiti, fomu tisini na tatu zilichukuliwa, tisini zikarudi. Mwaka wa kiti, zilichukuliwa themanini na nane, zikarudi arobaini na moja. Mhadhiri wa takwimu, aliyekuwa mjumbe, akakohoa.

"Bibi, hesabu hizi hazithibitishi kitu. Huenda mitihani ya mwaka huu ilikuwa rahisi. Huenda wangebaki hata bila wewe."

"Inawezekana, Daktari," mama mdogo akasema. "Mimi takwimu sikusoma. Lakini kuna watu arobaini na saba wako madarasani saa hizi. Majina ninayo hapa. Mkitaka tuwaulize, twende."

Hakuna aliyeinuka. Yule wa takwimu aliomba kulitazama faili, akalitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Adhabu ilikuja kwa barua ya onyo. Aliileta kwetu, akanipa niisome kwa sauti. Ilisema kwamba mtumishi wa muda mrefu mwenye rekodi safi amebadilisha nyaraka rasmi bila idhini, na kwamba mstari uondolewe mara moja.

"Rudia pale pa rekodi safi," akaniambia.

Nikarudia.

"Kuhusu kiti wamesemaje?"

Nikaisoma upya, juu mpaka chini. "Kuhusu kiti hawajasema kitu."

"Basi," akasema, akaikunja barua yake.

Aliacha mstari, akabaki na kiti na swali. Mwaka na nusu ukapita. Kisha, bila tangazo na bila mtu kumshukuru, zilikuja fomu mpya kutoka kwa mpiga chapa, na chini kabisa zilikuwa na mstari wa nukta: "Sahihi ya shahidi (mwanafunzi mwenzake au mtumishi wa chuo)". Alinionyesha maneno hayo ya mwisho kwa ukucha wake. Kuna mtu kwenye kamati aliyekuwa amesoma faili lote.

Wanafunzi nao, kama wanafunzi wa siku zote, hawakukawia kupata njia ya mkato. Walitiliana sahihi kwenye duka la kutoa nakala, na siku moja mama mdogo alipokea fomu yenye sahihi ya shahidi aliyekuwa amehitimu miaka miwili nyuma. Alicheka peke yake mpaka yule wa dirisha la pili akachungulia. "Mstari ni mstari tu," aliniambia. "Ukiwa rasmi, watu wanajifunza kuuchezea. Kuuliza ndiyo kazi." Akaendelea kuuliza.

Mwaka ambao binti wa upimaji alihitimu, mama mdogo aliniomba nikamsaidie siku ya mahafali. Ofisi yake ndiyo iliyogawa majoho, na majoho ni mazito. Nilifunga karakana, nikabeba majoho mia nne na kumi kutoka ghala hadi ukumbini, mikono ikinuka dawa ya kuzuia nondo wa nguo. Mwenyewe sikuwahi kuvaa joho. Mama mdogo aliniona nimesimama na moja mkononi, nikilitazama.

"Linakuuma?" akauliza.

Nilifikiri kwanza, kwa sababu alistahili jibu la kweli. "Zamani lingeniuma. Sasa hivi najiuliza tu ingekuwaje kama ningekukuta wewe dirishani siku ile."

"Mimi wa siku ile ningekuuliza kalamu," akasema, akanipa rundo jingine.

Kila mhitimu alikuwa na kadi mbili za wageni. Binti alimpa baba yake moja. Ya pili alimpa Mama Mapema, ambaye alikaa safu ya nne, hajavaa sare, na kwa mara ya kwanza katika ukumbi huo alikuwa amekaa kwenye kiti badala ya kukiinua. Tulikuwa tumesimama mlangoni, mimi na mama mdogo. Jina liliposomwa, binti alipanda jukwaani kwa hatua ndefu, akapokea, akageuka. Wale watano wa kundi lake walipiga makofi mpaka msimamizi akawatazama. Seremala alisimama wima bila kupiga makofi, mikono imenyooka ubavuni, kama mtu anayesikiliza hukumu njema. Mama Mapema alibaki ameketi. Mabega yake ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.

Nje, kwenye ngazi, binti alimvuta baba yake kwa mkono.

"Baba, huyu ndiye aliyekataa kunitilia sahihi niondoke. Na yule pale mlangoni ndiye aliyenizuia mpaka nimpate."

Seremala alimshika mkono Mama Mapema kwa mikono yake miwili, yenye makovu ya randa, akasema neno moja tu, "Dada." Kisha akapanda ngazi mpaka kwa mama mdogo, akavua kofia. Alitaka kusema kitu kirefu, nilimwona akikitafuta. Mwishowe akasema, "Nilileta mtoto mmoja hapa. Sikujua kwamba alikuwa na mama wawili."

Mama mdogo alitikisa kichwa, akaanza kunyoosha kola ya joho la binti ingawa ilikuwa imenyooka.

Nimetengeneza majokofu mengi maishani na najivunia kazi yangu. Lakini mtu akiniuliza katika ukoo wetu nani amesoma, simtaji mwenye shahada, ingawa sasa tunao wawili. Namtaja yule wa kidato cha nne, aliyekaa nyuma ya kioo miaka ishirini na miwili, na kwa minane ya mwisho akawafanya watu wasiondoke bila kuaga.

Nilitaka kumwambia jambo kama hilo palepale ngazini. Lakini wahitimu walikuwa wameanza kurudisha majoho, foleni ilikuwa imefika hadi barabarani, na yeye alishakaa mezani, miwani puani.

"Namba mia mbili na sita ina doa begani, mwanangu," akaniambia. "Usiipokee kabla hujaandika."

Nikaandika.